Koti la Dirisha

Asubuhi moja fundi cherehani alimkuta mama yake amejikunyata kitandani, mablanketi mawili mwilini na koti juu yake. Dirisha la chumba lilikuwa la chuma, tena kuukuu. Baridi iliingia bila kupiga hodi. Kioo kilitoka jasho, maji yakachuruzika ukutani.

"Mwanangu, kifua hakinipi usingizi," mama alisema. "Jumapili dada yako anakuja kunichukua. Kwake kuna joto."

Fundi alimfunika vizuri. Alimpenda sana mama yake, na nyumba bila utani wake ingepooza. Akajiapiza kwamba mama hatoki.

Siku hiyo hiyo alinunua kioo kimoja kinene, akakitia kwenye fremu ileile. Akatamba nyumba nzima. Kesho yake kioo kilitoka jasho vilevile.

"Kumbe na baridi nayo imenenepa!" mama alimtania, huku akikohoa.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, kuuliza si ujinga. Mwite jirani."

Jirani alikuwa seremala wa milango na madirisha. Alikuja na futi yake na mshumaa. Aliuwasha, akaupitisha taratibu ukingoni mwa fremu. Mwali ukayumba.

"Unaona? Upepo unapenya hapa, kati ya fremu na ukuta. Na chuma chenyewe kinapitisha baridi. Usikilaumu kioo peke yake."

"Lakini nimeweka kinene!"

"Fundi, koti la baridi unalishonaje? Kitambaa kimoja kizito, basi?"

"Wapi! Natia bitana. Hewa ikikaa katikati, ndiyo inayozuia..." Fundi akashika kichwa. Miaka ishirini alikuwa akitia bitana makoti ya watu, na mama yake analala kwenye baridi.

Seremala alicheka mpaka akakaa kitandani. "Basi na dirisha ni hivyo hivyo. Vioo viwili, hewa katikati, kingo zizibwe kabisa kiwandani. Fremu iwe ya mbao au plastiki. Panapofunguka tunazungushia mpira. Pengo la ukutani tunajaza povu linaloganda likaziba. Ila lazima lifunguke, mama apate hewa safi mchana."

Walipima upana mara tatu, juu, katikati na chini, wakashika kipimo kidogo kuliko vyote. Urefu nao vivyo hivyo, wakaagiza kiwandani. Ijumaa dirisha jipya likatiwa ukutani. Usiku ule mama alilala na blanketi moja.

Jumapili dada akaja na mkoba mkubwa mtupu. Alimkuta mama kando ya dirisha, hana koti. Kioo kilikuwa kikavu, na kikohozi kimepungua.

"Mama, twende? Chumba chako kiko tayari."

"Kwako nitakuja kutembea, mwanangu, nile nirudi. Kwangu ni hapa." Mama akausukuma mkoba kwa mguu. "Huo rudi nao, ukatie nguo zako. Uje ulale na mimi siku mbili."

Fundi alilia waziwazi, wala hakuona haya.