Kikombe cha Bi Lucinda

Wageni walioshuka kwenye teksi siku ile walikuwa wawili, mama na mtoto wa kike, lakini Bi Vashti Gaillard, anayepangisha vyumba nyumbani kwake, aliandaa vikombe vitatu vya chai baridi. Aliwaona kupitia wavu wa mlango wa jikoni, akahesabu vichwa vitatu, akabeba sinia. Alipofika kibarazani akawakuta wawili tu. Akacheka peke yake, akailaumu miwani.

Mama aliitwa Renata Mayhew, mwalimu wa hesabu kutoka Chicago, mwembamba, aliyeukumbatia mkoba wake kana kwamba mji wetu mzima ni wa wezi. Mtoto aliitwa Corliss, miaka saba. Renata alikuwa akihangaika na masanduku. Corliss alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono wa kulia umeinuliwa juu, vidole vimekunjwa, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima. Upande ule hapakuwa na mtu.

"Panda basi, kipenzi. Mbona umeganda hapo?" Bi Vashti akamwuliza.

"Anaogopa," Corliss akajibu. "Anasema juu kuna maji."

Dari la kibaraza cha Bi Vashti ni la buluu, kama vibaraza vyote vya mtaa wetu. Watalii hulipiga picha, wakasema rangi nzuri hiyo. Sisi tunajua ni ya nini: mzimu hauvuki maji, na ukiiona buluu ile hudhani ni maji. Bi Vashti alilijua hilo kuliko wengi, maana kila mwaka hulipaka dari lile kwa mkono wake, juu ya ngazi, na miaka yake sabini na moja. Lakini huku kwetu Charleston, kumwacha mgeni amesimama nje ni aibu itakayosemwa mpaka kanisani. Na watoto nao wana marafiki wao wa kubuni. Basi akasema kwa kutania:

"Mwambie asiogope, ni rangi tu. Kwangu hapa hakuna anayeachwa nje. Mwambie apite."

Corliss akageuka, akanong'ona kitu, akapanda. Mbao za ngazi zikalia mara mbili kwa kila hatua yake moja. Bi Vashti alisikia, na akajisemea kwamba mbao zimezeeka.

Asubuhi yake aliwawekea uji mzito wa mahindi na kamba waliokaangwa kwa siagi. Corliss aligawa chakula chake katikati, akasukuma nusu mbele ya kiti kitupu, na nusu yake mwenyewe hakuigusa. Kisha akakohoa. Alikohoa mara tatu, taratibu, na mwisho kifua kikatoa mluzi mwembamba. Bi Vashti aliweka kijiko chini. Amewauguza wazee wengi, na kikohozi kile hakikuwa cha mtoto.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Machi," Renata akasema. "Madaktari watatu, Bi Vashti. Wamempiga picha za kifua, wamempima damu, hawaoni kitu. Na anazidi kukonda. Nikasema labda hewa ya bahari itamsaidia. Na pia..." Akamtazama mtoto. "Mama yangu alizaliwa huku, visiwani. Lucinda. Aliondoka ana miaka kumi na tisa, hakurudi. Kila siku alikuwa anamwahidi huyu kwamba atamleta. Amefariki Machi. Mapafu."

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa," Renata akasema, na mkono wake ukaenda kwenye mkoba, ukakaa pale.

Mchana walikwenda kutembea mjini na gari la farasi la Tobias, shemeji yake Bi Vashti. Tobias ni mwongo wa kazi. Miaka thelathini amewasimulia watalii habari za mabibi wasio na vichwa na maharamia wanaolia kisimani, na hajawahi kuona hata kivuli cha paka. Siku ile farasi wake, Kanali, anayevuta watu kumi na wanne huku akisinzia, alikataa kuondoka na abiria wawili. Alitokwa jasho. Magurudumu yalilia. Tobias aliwaambia wageni kwamba Kanali amekula sana, nao wakacheka. Lakini kabla ya saa nzima kwisha aliwarudisha nyumbani, akampita mlangoni Bi Vashti bila salamu, akaingia jikoni na kuketi.

"Vashti. Yule bibi mwenye kofia ya kanisani ni nani?"

"Bibi gani?"

"Usinichezee. Tumepita mbele ya kioo cha duka kule sokoni. Nimeona garini watu watatu nyuma yangu. Bibi kampakata mtoto. Nikageuka, mtoto kaketi peke yake." "Na ukinicheka leo, sitakuja tena kwako Krismasi."

Bi Vashti hakucheka. Ilikuwa saa tisa, jua kali, Renata anaoga, na Corliss alikuwa amelazwa chumba cha nyuma apumzike. Bi Vashti akaenda huko polepole, akishika ukuta. Kabla hajafika alisikia kiti cha kubembea kikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kile kiti cha marehemu mumewe ambacho hukaa kimegeuziwa ukuta ili asikikalie mtu, na pamoja na mlio huo ikamjia harufu ya kafuri na mnanaa, harufu ya kifua cha mgonjwa aliyepakwa dawa usiku kucha, nzito, ya moto, ingawa korido lenyewe lilikuwa baridi kiasi cha kumsimamisha vinyweleo vya mikono, na alipousukuma mlango kwa kidole kimoja aliona pazia limefungwa, na kiti kimegeuzwa, kimesogezwa hadi ubavuni mwa kitanda, na bado kinabembea chenyewe kwa mwendo wa mtu anayembembeleza mtoto, na kitandani Corliss amelala chali, miguu imenyooshwa sawasawa, mikono imepishanishwa kifuani, macho wazi.

"Usifungue pazia," mtoto akanong'ona. "Mwanga unamuumiza Bibi."

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Ananifundisha kulala."

Hivyo ndivyo tunavyowalaza maiti wetu. Bi Vashti alimnyakua mtoto pale kitandani kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, akatoka naye mbio mpaka kibarazani, na nyuma yao kiti kikasimama ghafla.

Renata alitoka na taulo kichwani, akamkuta Bi Vashti ameketi ngazini na mtoto mapajani, anatweta.

"Nikuulize, na usinifiche," Bi Vashti akasema. "Siku ya mazishi, mlimpitisha mtoto juu ya jeneza?"

Huku kwetu, mtu akifa na kumwacha mtoto mdogo aliyempenda, mtoto hupitishwa juu ya jeneza kutoka mikono hii hadi mikono ile, ili marehemu amwachilie. Tumepitishwa sisi, walipitishwa baba zetu.

"Aliniambia," Renata akasema. "Siku mbili kabla. Hakuwa hata na pumzi. 'Usisahau kumpitisha Corliss.' Nikasema sawa, Mama. Halafu siku ile... watu wote wamevaa vizuri, walimu wenzangu wamekuja, na yule msimamizi wa mazishi ananitazama kama mtu wa porini. Nikaona haya, Bi Vashti. Niliona haya tu."

"Na kikombe chake? Cha mwisho alichonywea? Mlikivunja, mkakiweka kaburini, ili asiwe na cha kumrudisha?"

Mkono ukaenda kwenye mkoba. Renata akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akafungua taratibu. Kilikuwa kikombe cheupe cha kauri, na kwenye ukingo wake alama ya rangi ya mdomo, nyekundu iliyokauka. Hakuwahi kukiosha.

"Hapa ndipo mdomo wake ulipogusa," akasema, na machozi yakaanza. "Nikivunja hiki sina kitu. Mama hana nia mbaya. Anampenda huyu kuliko alivyonipenda mimi."

"Najua anampenda. Angekuwa adui ningemfukuza kwa ufagio." Bi Vashti naye alikuwa akilia. "Lakini hajui kumpenda kwa namna nyingine ila kukaa naye, na anakokaa yeye mtoto hawezi kuishi. Na aliyemwambia apite ni mimi, mdomo wangu huu. Chagua, mwanangu. Huyu, au kikombe."

Kikohozi kikaja, mara tatu, kisha mluzi. Safari hii midomo ya Corliss ilibaki ya kijivu.

"Tunakwenda wapi?" Renata akauliza.

Tobias aliwapeleka kwa gari lake bovu, si lile la farasi, hadi makaburi ya kisiwani, walikolala watu wa Lucinda, maji yakiwa yanakupwa na matope yakinuka pande zote. Jeneza lilikuwa mbali, Chicago, chini ya udongo. Ikabidi kikombe kiwe jeneza. Wakakiweka juu ya kaburi la mama yake Lucinda, Bi Vashti akasimama upande huu, Tobias upande ule, analalamika kwamba mgongo wake mbovu na kwamba yeye ni mtu wa hadithi tu, hakuajiriwa kwa mambo haya.

"Nyamaza, unyooshe mikono," Bi Vashti akamwambia. "Corliss Mayhew, baki!"

Mara ya kwanza mtoto alipita akiwa mwepesi. Mara ya pili alikuwa mzito, mzito wa mtu mzima, Tobias akapiga goti moja chini, na kutoka kinywani mwa mtoto ikatoka sauti ya mwanamke mzee, ya upole, iliyochoka, ikisema, "Mniachie kidogo tu, kidogo tu, sijamwonyesha bahari," na Renata aliposikia sauti ile akapiga yowe na kutaka kumrukia, Bi Vashti akamzuia kwa bega huku mikono yake yote miwili ikiwa imemshika mtoto, akamrudisha kwa Tobias mara ya tatu, akiita jina, akiita, mpaka sauti yake ikakauka.

"Sasa! Kivunje!"

Renata alipiga magoti. Alikibusu kikombe pale kwenye alama, akakipiga kwenye jiwe la kaburi. Kikapasuka vipande. Akavikusanya kwa viganja vyake, akiinama sana, nywele zimemfunika uso, akaviweka juu ya udongo.

Harufu ya kafuri ikakatika. Corliss akapiga chafya mikononi mwa Tobias, akatazama huku na huku.

"Nina njaa," akasema.

Jioni ile alikula sahani mbili za wali mwekundu wa nyanya na mguu wa kuku. Hakugawa. Hakukohoa. Bi Vashti alimwuliza kwa hila Bibi yuko wapi, na mtoto akajibu kwamba Bibi alikufa Machi, kwani hajui? Kesho yake waliondoka. Renata alimkumbatia Bi Vashti muda mrefu, mkono mmoja ukiwa ndani ya mfuko wa koti, na Bi Vashti akadhani ni baridi ya asubuhi.

Wiki mbili zikapita. Jumapili baada ya ibada Bi Vashti akaenda kisiwani kuvizika vipande vile vizuri, kama inavyotakiwa, maana siku ile walikuwa na haraka. Alikaa chini kwenye nyasi, akaanza kuvipanga: kitako, ubavu, ukingo wenye alama nyekundu. Kikombe kikatimia mbele yake chote, isipokuwa mahali pamoja. Alipapasa nyasi. Akapekua udongo kwa kucha mpaka jua likamchoma shingo. Mkono wa kikombe haukuwepo.

Akampigia Renata simu pale pale, amekaa kaburini. Ilipokelewa na Corliss.

"Hujambo, kipenzi. Mpe mama simu."

"Amelala."

"Mchana huu?" Bi Vashti akauliza. "Amelalaje?"

"Chali. Ameweka mikono hivi, kifuani. Hataki nifungue pazia." Mtoto akashusha sauti. "Na ameshika kitu cheupe, kidogo. Nimejaribu kukitoa. Haachii."

Bi Vashti akakumbuka kwamba pale kaburini walimpitisha mtu mmoja tu. Yule mwingine, aliyekuwa mtoto wa Lucinda kabla Corliss hajazaliwa, hakuna aliyemfikiria, kwa sababu alikuwa mtu mzima na mwalimu wa hesabu.

"Corliss, nisikilize. Kapige kelele kwa majirani. Mwite mama kwa jina lake, mwambie abaki, umesikia? Mwite sasa hivi!"

Alisikia nyayo ndogo zikikimbia sakafuni, na mtoto akiita Mama, kisha Renata, kisha Mama tena. Kutoka chumba cha ndani kikaja kikohozi, mara tatu, taratibu, na mluzi mwembamba. Kisha mtoto akarudi kwenye simu.

"Bi Vashti," Corliss akasema, "Mama yangu amekuwa wa baridi."