Dirisha la Tatu

"Suruali yako imechuruzikia gauni la bibi harusi wa watu," fundi cherehani alikuwa anamwambia kijana wa ghorofa ya juu, "na wewe unaniambia samahani kwa usumbufu. Huo usumbufu wako ndio sabuni?"

Kijana alikuwa mwanafunzi kutoka nchi ya mbali. Lugha alijifunzia kitabuni, ndiyo maana jengo zima lilimwita Kamusi. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba anastahili lawama. Ngazi nzima ikacheka, na katikati ya kicheko hicho akapanda dada mmoja, sketi ya bluu iliyonyooka, kitambulisho cha chuo kifuani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa kigeni, na siku hiyo alikuja kukagua vyumba wanavyopanga. Wenyewe walimwita Bi Muhuri, maana barua haikutoka bila mkono wake. Akaliinua gauni kwenye mwanga, akasema maji matupu hayaachi doa, ila kamba ya nguo ihamishwe leo hii. Kamusi akaihamisha. Macho yake yalibaki kwa dada yule.

Miezi mitatu simu zao ziliwakosesha majirani usingizi wa mchana. Kamusi alimwita "mpendwa mheshimiwa" mpaka fundi, aliyekwisha kujipa cheo cha shangazi, akampiga marufuku. Lakini kwamba wanapendana, hakuna aliyetamka.

Kisha kibali cha Kamusi cha kuishi nchini kikakaribia kwisha. Mwisho Ijumaa. Bila barua ya chuo angerudi kwao, masomo yaishie njiani. Jumanne akaenda ofisi ya chuo, dirisha la kwanza, shati limepigwa pasi, meno nje. Bi Muhuri akamrudishia fomu kwa ncha za vidole, bila kumtazama.

"Mimi sikuhudumii. Nenda dirisha la tatu."

Foleni nzima ilisikia. Kamusi alikwenda nyumbani. Simu ikaita mara tisa, akaizima. Jumatano akaanza kufungasha, akimweleza fundi kwamba mwanamke anayemwonea aibu mbele ya wenzake hamtaki yeye wala barua yake. Fundi, pini mdomoni, akamkumbusha kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi.

"Nuna, baba, ila nuna ukiwa na barua mfukoni."

Alhamisi akafunika cherehani, akamburuta kwa mkono wa shati mpaka chuoni.

Dirisha la tatu alikaa mzee mwenye miwani iliyoteremka puani. Akauliza siku zote hizi alikuwa wapi, barua iko tayari tangu Jumatatu, inangoja saini yake tu. Alipofungua jalada, Kamusi akaona karatasi ya juu, mwandiko anaoujua. Utaratibu wa ofisi ulikuwa huo: mfanyakazi hagusi jalada la mtu wake wa karibu. Hujaza sababu, jalada likahamia kwa mwingine. Penye sababu paliandikwa: *Nampenda. Mwenyewe hajui.* Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Mzee akaifunika kwa kiganja. "Hiyo hukuiona. Saini hapa."

Jioni Kamusi alikuwa mlangoni kwa kina Bi Muhuri. Dada akatoka na gauni la nyumbani, kope zimevimba.

"Uliiambia ofisi kabla ya kuniambia mimi," Kamusi alisema.

"Ofisi iliniuliza. Wewe hukuuliza."

"Na pale dirishani, hata neno moja?"

"Ningekutazama ningeigonga muhuri ile barua mwenyewe. Wangeifuta, ukaondoka. Halafu ukazima simu. Nikajua umeshaondoka."

Kamusi akatafuta maneno yake yote ya kitabuni, akapata mawili.

"Sasa nakuuliza."

Kabla hajajibiwa, mama mtu akatokea na mwiko mkononi. Akamkagua kijana kuanzia viatu mpaka utosi, akamtazama binti yake, macho yale mekundu. Akamsogeza binti kwa bega, akaufungua mlango wote.

"Ingia unawe mikono, mwanangu. Jibu utalipata ukishashiba."