Chura Ndani ya Kikapu

Bwawa la kuogelea la nyumbani kwa kina Mirella lilikuwa limeoza. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, yananuka kama maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Kuta zilikuwa zimeota mwani unaoteleza kama mlenda, na ukitumbukiza mguu huvioni vidole. Na Nona, bibi yao, alikuwa anafika Jumamosi.

Magoti ya Nona yalikuwa mabovu. Nchi kavu alitembea kwa fimbo huku akisaga meno. Ndani ya maji alitembea kama msichana. Kila mwaka baada ya Krismasi, mji wao wa Ayr ukitokota kwa joto na miwa ikinywa mvua, alikuja kukaa juma moja kwa mwanawe kwa ajili ya bwawa hilo tu.

"Supu ya njegere tayari," alisema Aldo, kaka yake Mirella. "Nani anataka bakuli?"

"Funga domo lako," Mirella akamjibu.

Mirella alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo ile bwawa lilikuwa zamu yake. Kila asubuhi alitakiwa kufunua kifuniko pale ukingoni, kutoa kikapu kinachonasa takataka kabla maji hayajaingia kwenye pampu, na kukikung'uta. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga mswaki. Lakini msimu wa mvua ni msimu wa vyura wa miwa, wale wakubwa kama viatu, wenye ngozi ya vipele na sumu mabegani. Huruka bwawani, hushindwa kutoka, na maji huwavuta hadi kikapuni. Asubuhi moja Mirella alifunua akamkuta mmoja amekufa, tumbo jeupe limevimba, mdomo wazi. Alirudisha kifuniko, akaenda kutapika nyuma ya banda. Tangu siku ile hakukigusa tena. Baba akiuliza, "Kikapu?" alijibu, "Tayari, Baba."

Sasa Baba alikuwa amemwaga dumu zima la klorini, na maji yakabaki yale yale. Akamwaga la pili. Hali ikazidi kuwa mbaya. Baba alikuwa fundi wa mashine za kuvunia miwa, na hakupenda kushindwa na maji. Akampigia simu Mzee Duddy, mwenye duka la vifaa vya mabwawa, sauti ya simu ikiwa juu mpaka uani.

"Duddy, umeniuzia maji ya bomba!"

"Taratibu, Bressan. Klorini yangu ni mpya, imeingia juzi tu. Pampu inavuta?"

"Inavuta kidogo kidogo, kama bibi kizee anayekunywa chai ya moto."

"Basi kuna kitu kimeziba. Umetazama kikapu?"

"Binti yangu anakitoa kila asubuhi."

"Una hakika?"

"Sikiliza wewe! Mirella hasemi uongo. Mwongo ni wewe na madumu yako, na kesho nitasimama mlangoni pako niwaambie wateja wote!"

Mirella alikuwa anaanika taulo. Akaziacha, akamwendea.

"Baba," alisema, "usiende kwa Mzee Duddy. Sijakifungua kikapu tangu kabla ya Krismasi."

"Lakini kila siku umeniambia tayari."

"Kulikuwa na chura."

Baba alimtazama, kisha akairudisha simu sikioni. "Duddy, nisamehe. Nimekutukana bure." Akakata simu. "Kalete glavu."

Kifuniko kilipofunuliwa, harufu iliwapiga kama kofi. Aldo akakimbia ameziba pua. Chura hakuwa mmoja tena. Walikuwa wengi, wameyeyukiana, hujui mguu huu ni wa nani. Majani meusi yalikuwa yamewafunika kama blanketi, na nyuzi za mayai, kamasi yenye shanga nyeusi, zilikuwa zimejisokota kwenye mpini. Mirella akavuta. Kikapu kiling'ang'ania, kisha kikachomoka kwa mlio wa kunyonya, na kitu laini, baridi, kikamdondokea kiwikoni.

"Baba!"

"Kitaoshwa. Endelea. Siku ile ungetoa chura. Leo unatoa rojo."

Walisugua kuta kwa brashi mchana kutwa, mwani ukibanduka vipande vipande kama utando wa maziwa. Mpini wa brashi moja ukavunjika. Jioni, jua lilipozama, ndipo Baba alipofungua klorini. Alivaa glavu na miwani, akaupa mgongo upepo, akamimina polepole kuzunguka bwawa.

"Rudini nyuma. Inayoua mwani haichagui jicho. Na tusimimine mchana, jua linaila. Yale madumu mawili nimelilisha jua na vyura wenu."

Kulipokucha maji yalikuwa ya kijivu, kama ya kuoshea vyombo. Wakaosha chujio, wakasugua, wakamimina tena.

Jumamosi Nona akafika, vazi la kuogelea limo ndani ya mkoba. Akasimama ukingoni.

"Bado, Mama," alisema Baba. "Mtu akizama humo hatumwoni."

Nona akakaa kitini, magoti yamevimba, akifukuza nzi. Mirella alimweleza mwenyewe, bila kusukumwa.

"Kumbe," alisema Nona. "Na mimi nilidhani mwanangu ndiye kawa mvivu."

Alikaa kitini hadi Alhamisi. Siku hiyo maji yalifunguka, hata ungeona skrubu ya chini kabisa. Nona akashuka ngazi, akaacha fimbo, akatembea. Akaenda akarudi, kisha akamwita mjukuu wake.

"Kinyaa si kosa, we mtoto. Nimetengeneza soseji maisha yangu yote, na utumbo wa nguruwe bado unanitapisha. Ungesema tu, 'Baba, kuna chura, siwezi,' angekuja na koleo. Uchafu ukiufunika hauondoki. Unazaa. Na uongo vivyo hivyo."

Chura yule mmoja aligharimu madumu sita ya klorini na brashi moja. Aligharimu heshima ya Mzee Duddy, aliyeitwa mwongo bure, nayo Baba aliirudisha kwa kwenda kumwomba radhi uso kwa uso, na salami, soseji kavu ya nyumbani, mkononi. Aligharimu siku tano za Nona katika saba alizokuja kukaa.

Na kuna gharama moja ambayo bado inalipwa. Siku hizi Mirella hutoa kikapu kila asubuhi, hukikung'uta, na kusema, "Tayari, Baba." Baba huitikia, huweka kikombe mezani, na kwenda kufunua kifuniko mwenyewe.