Prosesa Mpya ya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mhariri wa video za harusi. Kazi yake aliifanyia sebuleni, kwenye meza iliyokaa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Pacha wake wakienda shule, yeye huwasha kompyuta. Mama mkwe wake naye akipita, huzima taa, feni na redio. Bibi yule alikuwa hawezi kuiona swichi imewashwa akaiacha salama.

Siku moja kulikuwa na kazi nzito. Baba wa bibi harusi mmoja alikuwa mgonjwa kitandani, na harusi ya binti yake hakuiona. Familia iliomba video ifike kesho yake asubuhi, maana mzee alikuwa anazidi kudhoofika. Lakini kompyuta ilikuwa inakwenda mwendo wa kinyonga.

Mumewe, Baba Pacha, alinunua prosesa mpya. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ikiwa na nguvu, kazi huenda haraka. Baba Pacha alikuwa fundi wa makufuli, na kwake yeye kila kinachofunguka kwa bisibisi ni ndugu yake. Alitoa prosesa ya zamani, akaweka mpya, akawasha.

Feni za kompyuta zilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Akajaribu tena. Nyeusi.

"Baba Pacha, umefanya nini?" Mama Pacha alishika kichwa. "Video ya yule mzee imo humo humo! Na kadi za kamera nimeshazifuta!"

"Tulia, mke wangu. Labda inajifikiria."

"Inajifikiria nini? Nitamwambia nini binti wa watu?"

Alitoka mbio kumwita jirani yao, dada mmoja fundi wa kompyuta. Mtaani walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku hiyo pia hakukimbia, na Mama Pacha nusura amsukume mgongoni.

Taratibu aliitazama kompyuta, akauliza, "Kabla ya kubadilisha, mlisasisha bayosi?"

"Ba nini?" Baba Pacha aliuliza.

"Bayosi. Ni programu ndogo iliyo ndani ya bodi kuu. Inaamka kwanza, halafu inavitambua vifaa vingine. Bodi yenu ni ya zamani kuliko prosesa hii. Haimjui huyu mgeni, kwa hiyo haimfungulii mlango. Hakuna kilichokufa. Tunarudisha ya zamani, tunasasisha bayosi, ndipo tunaweka mpya. Ya zamani iko wapi?"

Baba Pacha aliitoa kwenye mfuko wa shati, pamoja na funguo mbili.

"Mfukoni, shemeji? Na funguo?"

Taratibu aliiinua mbele ya dirisha, akazikagua pini zake moja moja.

"Mna bahati. Hakuna iliyopinda."

Prosesa ya zamani iliporudi mahali pake, skrini iliwaka. Mama Pacha alitaka waishie hapo.

"Tuiache hivi hivi, dada. Naogopa."

"Kwa mwendo huu, video itaisha kesho?"

"Haiishi."

"Basi tuendelee, lakini tusiruke hatua."

Kwanza Taratibu alinakili video zote kwenye diski ya nje. Kisha akasoma jina la bodi na toleo lake, vilivyochapishwa kwenye bodi yenyewe.

"Rafiki yangu ana faili la bayosi ya bodi inayofanana na hii," Baba Pacha alisema.

"Kufanana si kuwa moja, shemeji. Faili lisilo lake linaweza kuiua bodi. Tunalichukua kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Tena tunasoma kwanza kama linaikubali prosesa yetu."

Aliliweka faili kwenye flashi tupu. Halafu alikwenda kwake, akarudi na betri ya akiba, akaichomeka kwenye soketi, kisha akachomeka kompyuta na skrini humo.

"Umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inaweza isiwake tena," alisema. "Sasa hakuna kugusa kitu."

Mstari mwembamba ulianza kusogea kwenye skrini. Mama Pacha aliificha mikono kwapani. Mstari ukasimama.

"Imekwama?"

"Haijakwama. Subiri."

Hapo ndipo bibi alipopita.

"Jua lote hili, na taa zinawaka!" Akazima taa. Akainama, akazima na soketi.

"Mama!" walipiga kelele wote.

Mama Pacha alifumba macho. Betri ikaanza kulia, pi, pi, pi.

"Fumbua macho," Taratibu alisema.

Mstari ulikuwa unasogea tena.

"Kwani nimefanya nini?" bibi aliuliza. Baba Pacha aliwasha soketi, akasimama mbele ya swichi kama mlinzi wa benki.

Kazi ilipokwisha, kompyuta ilijizima, ikajiwasha yenyewe. Taratibu alihakikisha kwamba bayosi ni ile mpya. Kisha akazima, akachomoa waya, akaweka prosesa mpya na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, prosesa isichemke. Alipowasha, jina la prosesa mpya lilitokea kwenye skrini. Mama Pacha alilia. Alipomaliza kulia, alivuta kiti akaanza kazi, na kabla ya giza video ilikuwa tayari.

Asubuhi aliipeleka mwenyewe. Mzee alitazama akiwa ameegemea mito. Binti yake alipocheka kwenye skrini, aliinua kidole.

"Rudisha hapo."

Mama Pacha alirudisha. Mzee akatazama.

"Tena, mwanangu."

Akarudisha tena.