Sahani ya Noel

Kila asubuhi, kabla hajakimbilia tramu ya shule huku ughaibuni walikohamia, Lilian alifunika sahani ya mdogo wake Noel na kuiweka chumbani kwa Noel, kando ya kitanda. Wali kidogo, maharage, kijiko. Na kila saa kumi jioni alipofungua mlango, nyumba kimya, mama bado yuko kazini, sahani ilikuwa tupu. Godoro limebonyea, kama mtu ndo kwanza kanyanyuka.

Sasa Noel mwenyewe hakuwepo. Tangu Pasaka alikuwa Moshi kwa bibi, anasoma huko, na hii ilishakuwa Novemba.

"Mama, nani anakula?"

"Wewe weka tu," mama akajibu. "Kwetu aliyesafiri anawekewa chakula. Akiwekewa, bado anaishi hapa."

Jumatatu ikaja fomu ya serikali, ya posho inayolipwa kwa kila mtoto anayeishi nyumbani. Ilikuwa inauliza ni watoto wangapi wanaishi nyumbani. Fomu zote mjazaji alikuwa Lilian, maana kuandika lugha ya huku kulimpa mama shida.

"Andika wawili," mama akasema. "Wakipiga simu, sema Noel amelala."

Kuanzia hapo mlango wa chumba cha Noel Lilian akawa anaupita mbiombio, maana alishaanza kuamini kuna mtu kweli amelala mle. Fomu akaificha kwenye begi, hajaandika kitu.

Alhamisi shuleni mitambo ya kupasha joto madarasa ikaharibika, wakarudishwa mapema. Saa saba mchana Lilian akaingia ndani, akasikia sauti chumbani, inanong'ona.

"Kula, baba. Tonge moja tu."

Akausukuma mlango.

Alikuwa mama. Koti la kazi hajavua, amekaa kitandani kwa Noel, anakula wali wa baridi. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na kati ya mzee mmoja na mwingine alikuwa anapitia hapa.

Lilian akatoa fomu. "Siwezi kuandika wawili, mama. Noel mzima, yuko Moshi. Mbona tunamfanya kama mzimu?"

Mama akaweka sahani kando. Kisha akachukua simu, akawapigia mwenyewe watu wa posho, akawaeleza kila kitu. Posho ya Noel ikasimamishwa, na ya miezi iliyopita wakakubaliana airudishe kidogo kidogo.

Jioni ile mama akaosha sahani, akaiweka kabatini.

"Kumkumbuka mtu si kosa, mwanangu. Kosa ni kuwaambia watu yupo wakati hayupo. Uongo niliutuma nje, wenyewe ukaja kukaa humu na sisi. Kitu kikibadilika nyumbani, kisemwe mapema."

Lilian akaenda kulala. Mlango wa chumba kile akaupita taratibu, hakukimbia.