Karembo Hajalala

Jumamosi, duka la dawa za mifugo pale Kitengela lilijaa pomoni. Mikono miwili ikashika kopo moja, la mwisho, la mafuta ya kukamulia.

"Supa, madam. Chukua tu," Kiama akamsalimu kwa Kimaasai, gambuti zake zikiwa na samadi mpaka magotini.

"Ipa. Kwani ng'ombe wako utamkamua na mate?" Seleyian akacheka. Alivaa koti jeupe la daktari wa mifugo, na shanga shingoni.

Wakaanzia hapo. Seleyian alifanya utafiti kutoka Kajiado: anamfunga ng'ombe kidude mguuni, nacho kinaambia simu yake ng'ombe amelala kwa muda gani. Akamfunga na Karembo, ng'ombe wa Kiama.

"Wa maziwa anafaa kulala kama masaa kumi na mawili," akamweleza Kiama. "Karembo wako analala matano. Sakafu ya simiti inamuumiza. Mwekee maranda ya mbao."

Kiama akaitikia, halafu akasahau maranda. Hakusahau kwamba daktari akienda, boma lote linanyamaza. Tangu azike mamake, alikuwa anakunywa chai na redio. Sasa ona ujinga wa mwanaume mzima! Akakifungua kile kidude, akakitundika wima kwenye nguzo. Simu ya Seleyian ikasema Karembo amesimama kutwa, naye akapiga simu, akaja mbio; kabla hajafika, Kiama akawa amekirudisha mguuni. Wakanywa chai, wakacheka. Wiki iliyofuata, vilevile.

Mara ya tatu Seleyian alikuja bila kupiga simu. Akakuta kidude kwenye nguzo na Karembo kwenye simiti, magoti yamechubuka.

"Kiama, si ungesema tu nije?"

"Ningesema, ungekuja?"

"Ningekuja! Sasa umeniharibia kazi ya miezi, na huyu bado anaumia."

Akakifunga tena mguuni, akaenda.

Kiama alipiga simu wiki nzima, haikushikwa. Akanunua maranda, akatandaza. Kule Kajiado, kila asubuhi, Seleyian alikunywa uji peke yake akiangalia simu: masaa saba. Tisa. Kumi na moja. Alizisoma namba hizo kama barua, na hakujibu. Miezi miwili ikapita hivyo, mibaya kwa wote wawili.

Halafu siku moja simu ikasema: amesimama kutwa. Ameanza tena, huyu! akawaza Seleyian. Simu ikalia, na safari hii akaishika.

"Daktari, naapa sijagusa. Kiwele kimevimba, hataki kulala. Tafadhali, njoo."

Seleyian akachukua dawa zake. Akajiapia: akikuta kidude kwenye nguzo tena, hatampenda mtu yeyote tena maishani. Akaenda.

Kilikuwa mguuni. Akamdunga Karembo sindano, kisha akashika maranda. Yalikuwa maji matupu.

"Kwani hubadilishi? Uchafu huu ndio umemletea ugonjwa!"

"Ulisema niweke. Hukusema nibadilishe."

"Si ungeuliza?"

"Ningepiga, ungeshika?"

Seleyian akachukua koleo. Wakazoa yaliyolowa, wakatandaza makavu, bega kwa bega. Jioni Karembo akakunja magoti, akajilaza, akashusha pumzi.

"Amelala," akanong'ona Seleyian.

"Yeye. Mimi tangu uende sijalala vizuri."

"Nikufunge kidude?"

"Usinifunge. Kaa, ujionee mwenyewe."

Seleyian akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye ile nguzo.