Ukuta Ndani ya Kiungo

Duka la vifaa pale Ukunda lilikuwa limejaa watu, na Muhsina wa Munje alisimama katikati yao na buibui lake jeusi, mtandio wa zambarau, na vipande viwili vya paipu, kikubwa na kidogo, mkononi kama mtu aliyeitwa kupiga ngoma.

"Kiungo cha kuziunganisha hizi hakipo," muuza duka akamwambia. "Vipimo vyake ni vya zamani."

"Kipo," akasema kijana nyuma yake. "Ila hakijazaliwa."

Muhsina akageuka. "Na mkunga ndiye wewe?"

"Naitwa Twahir. Mimi huchora kwa kompyuta, mashine ikachapa kwa plastiki. Nipe vipimo."

Vipimo akapewa, na nambari ya simu juu yake. Wiki nzima wakapigiana simu kwa ajili ya kiungo, na ajabu ni kuwa kiungo kilitajwa mwanzo wa simu tu.

"Umekula, fundi?"

"Nitakulaje nawe uko Munje?"

"Basi kufa na njaa, mpenzi. Nitakuja kula pilau ya matanga."

Kiungo kikatoka cheupe, laini, kimepinda vizuri kama shingo ya bibi harusi. Jumapili Muhsina akakitia gundi kwenye bustani ya kikundi cha akina mama. Maji ya tangi yakapita kwenye paipu kubwa. Kwenye ile ndogo iendayo kwenye miche, hata tone. Akapiga simu.

"Twahir, maji hayapiti."

"Umejaza gundi mpaka ndani," akajibu bila hata kuuliza. "Mchoro wangu hauna kosa. Nyinyi wanawake gundi mnaipaka kama siagi!"

Muhsina akalifunga bomba la tangi.

"Haya. Ahsante, fundi."

Neno hilo "fundi" halikuwa lile la jana.

Jumatatu Twahir akaufungua mchoro, akaukata kwenye kioo cha kompyuta kama unavyopasua papai. Lo! Paipu mbili alizitoboa kila moja peke yake, ndipo akaziunganisha. Nje zilikuwa kitu kimoja. Ndani, ukuta wa paipu kubwa ulikuwa umeziba mdomo wa ile ndogo, kimya, kama mlango uliosahauliwa.

Angepiga simu saa ile. Hakupiga. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta, kidole chake kikawa hodari wa kufuta. Chai ikamshinda. Jumatano akasikia kwamba miche mia mbili ya biringanya imenyauka, na kwamba Muhsina kikundini sasa anaitwa Bi Gundi. Usingizi nao ukamhama.

Ijumaa, baada ya sala, akafika Munje na msumeno wa chuma. Akina mama walikuwa wakimwagilia kwa ndoo.

"Shikamoo, Bi Mwanaima," akamwamkia shangazi yake Muhsina, mkubwa wa kikundi.

"Marahaba. Umekuja kutuuzia gundi?"

Wakacheka wote ila mmoja, aliyejifunga leso kifuani, matope mpaka magotini.

Twahir akakikata kiungo cha zamani, akakipasua mbele yao. "Tazameni. Huu ukuta niliuacha mimi. Gundi haikufika hapa. Muhsina hana kosa. Nami nimejua tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu?" Muhsina akatua ndoo. "Siku nne naitwa Bi Gundi, nawe unajua?"

"Niliona haya."

"Haya zako zimekunywa maji ya miche yangu."

Twahir akauweka msumeno chini. Akatoa kiungo kipya mfukoni. "Hiki, paipu zake nimeziunganisha kwanza mchoroni zikiwa nzima, hazina tundu. Ndipo nikatoboa ndani yote kwa mara moja."

"Subhanallah, kijana," Bi Mwanaima akasema, "punguza sauti, kuna watu hawajaolewa hapa."

Kicheko kikapasuka. Muhsina akakichukua kiungo, akaweka mdomo mmoja shavuni kwake na kumwelekezea Twahir wa pili.

"Puliza."

Akapuliza. Mtandio ukatikisika.

"Inapita?"

"Sijasikia vizuri. Puliza tena."

"Mwacheni," Bi Mwanaima akawaambia wenzake. "Anapima."

Twahir hakupuliza. Alisema, mdomo ukiwa kwenye paipu, sauti ikatokea shavuni kwa Muhsina peke yake: "Nitume wazee lini?"

Muhsina akakishusha kiungo, akamtazama mpaka jasho likamtoka.

"Sijakusamehe. Panda kwanza miche mia mbili, kwa mkono wako. Ikizaa, wazee waje."

Twahir akakunja mikono ya kanzu.

"Na mpenzi..."

"Naam!"

"Ndoo ile pale."